Aliyerudi na Madai Yake: Mwanamke Mpiganaji na Maisha Baada ya Vita katika Riwaya ya The Shadow King, Ikisomwa kutoka Kongwa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna riwaya ya The Shadow King (2019) ya mwandishi wa Kiethiopia, Maaza Mengiste, inavyomsawiri mwanamke aliyetumikia vita na kuishi baada yake. Hoja kuu ni kwamba kumbukumbu ya taifa humpokea kwa urahisi zaidi mwanamke aliyepoteza maisha wakati wa mapambano kuliko yule aliyerudi akiwa hai, kwa kuwa aliyerudi huja na madai: dai la silaha, dai la mwili wake, dai la jina na dai la kusimulia. Uchambuzi umefanywa kwa mbinu ya usomaji makini wa matini kwa kuongozwa na Nadharia ya Ufeministi wa Kiafrika. Riwaya inasomwa kutoka Kongwa, mkoani Dodoma, mahali palipokuwa na kambi za wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika kuanzia mwaka 1964. Uchambuzi unaonesha kuwa riwaya haiyachukulii maisha baada ya vita kama kiambatisho cha vita, bali inayafanya kuwa mahali ambapo maana ya vita inaamuliwa. Aidha, unaonesha kuwa riwaya yenyewe ina mapengo yanayohitaji kujazwa na utafiti wa masimulizi simulizi, hususani katika nyanda za kati za Tanzania.

Maneno makuu: mwanamke mpiganaji, maisha baada ya vita, kumbukumbu, riwaya ya Afrika Mashariki, Kongwa

1.0 Utangulizi

Katika sarufi ya Kiswahili, neno askari halibainishi jinsi. Ngeli ya kwanza na ya pili humbeba mwanamume na mwanamke kwa viambishi vilevile, a- na wa-, na sentensi kama vile "askari wamerudi" haimwelezi msikilizaji kama waliorudi ni wanaume au wanawake. Hata hivyo, msemaji anapotaka kueleweka kwamba aliyerudi ni mwanamke, hulazimika kuongeza neno: askari mwanamke, mpiganaji wa kike. Hakuna anayelazimika kusema askari mwanamume. Usawa uliomo katika sarufi, kwa hiyo, haumo katika matumizi. Mwanamke aliyebeba silaha hutajwa kama hali ya pekee, na aliyebeba chakula na majeruhi mara nyingi hatajwi kabisa.

Hii haina maana kwamba historia ya eneo hili haina majina ya wanawake. Yapo, nayo yanafahamika. Nduna Mkomanile wa Wangoni anakumbukwa miongoni mwa viongozi walionyongwa na Wajerumani huko Songea mwaka 1906 kutokana na Vita vya Majimaji. Josina Machel, mmoja wa wanawake wa mwanzo waliopata mafunzo ya kijeshi katika FRELIMO, alifariki dunia jijini Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, na siku hiyo imekuwa Siku ya Mwanamke wa Msumbiji. Jambo linalostahili kuzingatiwa ni kwamba wote wawili wanakumbukwa kupitia vifo vyao. Hawakupata nafasi ya kuzeeka, ya kudai pensheni, ya kumtaja mwenzao aliyewadhulumu, wala ya kupinga namna wanavyosimuliwa.

Swali linaloongoza makala haya linatokana na hali hiyo. Je, fasihi inamshughulikiaje mwanamke ambaye hakufa? Riwaya ya The Shadow King imechaguliwa kwa sababu inajibu swali hilo kwa upana kuliko kazi nyingine nyingi za Afrika Mashariki. Riwaya hii iliandikwa kwa Kiingereza, ikachapishwa mwaka 2019 na kuingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker mwaka 2020. Pale jina lake linapohitaji tafsiri, makala yanatumia Mfalme Kivuli.

2.0 Usuli: Wanawake na Vita katika Nyanda za Kati

Usomaji wa riwaya ya Ethiopia kutoka Dodoma unahitaji kuelezwa. Nyanda za kati za Tanzania hazitajwi sana katika fasihi ya vita, lakini zimepitiwa na vita kwa namna mbili zinazouhusu mjadala huu moja kwa moja.

Namna ya kwanza ni Vita vya Kwanza vya Dunia. Mapigano makali yalifanyika Kondoa-Irangi mwezi Mei 1916, na mji wa Dodoma ulitwaliwa na majeshi ya Waingereza mwishoni mwa Julai mwaka huohuo. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, mifugo na wapagazi kutoka Ugogo. Kilichofuata ni njaa kubwa ya miaka ya 1917 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya na ambayo mwanahistoria Gregory Maddox aliifanyia uchunguzi wa kina katika makala yake ya mwaka 1990. Kwa upande wa jeshi lenyewe, Michelle Moyd (2014) ameonesha kuwa askari wa Kiafrika waliowatumikia Wajerumani walisafiri pamoja na kaya zao. Wanawake walikuwa sehemu ya msafara: walipika, walibeba mizigo, walitunza watoto na majeruhi. Bila kazi hiyo, jeshi lisingeweza kusogea. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Afterlives (2020), imeyapa maisha ya baada ya vita hivyo nafasi kubwa katika fasihi, lakini anayerudi kutoka jeshini humo ni mwanamume.

Namna ya pili ni mapambano ya ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Kongwa, wilaya iliyo mashariki ya mji wa Dodoma, iliwahi kuwa kitovu cha mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947 na kushindwa miaka michache baadaye. Majengo yaliyoachwa na mradi huo yaligeuzwa kuwa makazi ya wapigania uhuru. Kuanzia mwaka 1964, FRELIMO, ANC, SWAPO na vyama vingine vilivyotambuliwa na Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika vilikuwa na kambi hapo. Miaka michache baadaye FRELIMO iliunda kikosi cha wanawake, ambacho mafunzo yake yalifanyika Nachingwea, kusini mwa Tanzania.

Kambi za Kongwa katika miaka yake ya mwanzo zilikuwa za wanaume kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, utafiti wa Christian Williams kuhusu maisha ya kila siku katika kambi ya SWAPO umeonesha kuwa wapiganaji hawakuishi wakiwa wametengwa na wenyeji. Walihusiana na wanakijiji, wakiwamo wanawake waliozaa nao watoto. Kwa upande wa ANC, Arianna Lissoni na Maria Suriano (2014) wamechunguza maisha ya wanawake wa Kitanzania waliofunga ndoa au kuwa na uhusiano na wapigania uhuru wa Afrika Kusini, na kuonesha kwamba ushiriki wao katika harakati hizo ulikuwa mkubwa kuliko unavyotambuliwa. Wanawake hawa hawakuitwa wapiganaji. Vita vilipokwisha, wengine walihamia nchi za waume zao na wengine walibaki Tanzania. Hao ndio wanaoifanya riwaya ya Mengiste isomeke Kongwa kama kitabu kinachohusu jirani.

3.0 Mkabala wa Usomaji

Uchambuzi unaongozwa na Ufeministi wa Kiafrika kama ulivyowekewa misingi na Filomina Chioma Steady na kuendelezwa na Molara Ogundipe-Leslie. Mihimili miwili ya mkabala huu inahusika hapa. Kwanza, ukandamizaji wa mwanamke wa Kiafrika hauna chanzo kimoja. Unatokana na ukoloni, na pia unatokana na mila, tabaka na mfumodume wa ndani ya jamii yake. Pili, mwanamke hatazamwi kama mhanga tu, bali kama mtendaji anayeshiriki katika kuibadili jamii yake pamoja na wanaume.

Mihimili hiyo inasaidia kuepuka makosa mawili yanayojitokeza katika uhakiki wa fasihi ya vita. Kosa la kwanza ni kumwita kila mwanamke aliyeshika bunduki shujaa na kuishia hapo, kana kwamba sifa hiyo inamaliza suala lake. Kosa la pili ni kumtazama kama aliyeonewa tu, kana kwamba hakuchagua chochote. Mhusika mkuu wa The Shadow King hatoshi katika kisanduku chochote kati ya hivyo viwili, na makala yanachukulia kutotosha huko kuwa data muhimu ya uchambuzi.

4.0 Riwaya na Muundo Wake

Riwaya imejengwa juu ya uvamizi wa Italia nchini Ethiopia ulioanza tarehe 3 Oktoba 1935. Hirut ni msichana yatima anayetumika ndani ya nyumba ya Kidane, mtu wa ukoo wenye hadhi na jemadari wa jeshi la eneo lake, na mkewe Aster. Kitu pekee cha thamani alichoachiwa Hirut na baba yake ni bunduki ya zamani iitwayo Wujigra. Vita vinapokaribia, Kidane anaichukua bunduki hiyo kwa ajili ya jeshi. Aster, ambaye amempoteza mtoto wake wa pekee, anakataa kubaki nyumbani na kuwakusanya wanawake. Mwanzoni kazi yao ni kukusanya mahitaji, kubeba majeruhi na kuzika waliokufa. Baadaye wanashika silaha.

Mwezi Mei 1936 Mfalme Haile Selassie anaondoka nchini na kwenda uhamishoni Uingereza. Jeshi la Kidane linavunjika moyo. Ndipo linapotokea wazo la kumvika mavazi ya kifalme mkulima anayefanana naye, aitwaye Minim, ili wananchi waamini kwamba mfalme bado yuko vitani. Hirut anakuwa mlinzi wa mfalme huyo wa bandia. Hatimaye Hirut na Aster wanakamatwa na kikosi cha Kanali Carlo Fucelli. Mateka wa kanali huyu hutupwa kutoka ukingo wa jabali, na askari mpiga picha, Ettore Navarra, anaamriwa kuyarekodi matukio hayo kwa kamera.

Muhimu zaidi kwa makala haya ni kwamba riwaya haianzi mwaka 1935. Inaanza mwaka 1974, Hirut akiwa mtu mzima aliyeketi katika kituo cha treni jijini Addis Ababa na sanduku lenye picha na barua za Ettore, akimsubiri mwenyewe aje kulichukua. Masimulizi ya vita yamewekwa ndani ya kungoja huko. Kati ya sura mna maelezo ya picha, sauti ya kibwagizo cha pamoja, na vipande vinavyomhusu mfalme uhamishoni. Kwa muundo huu, msomaji anafahamu tangu mwanzo kwamba Hirut hakufa. Taharuki ya kawaida ya hadithi ya vita, yaani kama mhusika atapona, imeondolewa makusudi. Linalobaki ni swali kuhusu kile ambacho kupona huko kumemgharimu.

5.0 Uchambuzi

5.1 Bunduki kama urithi na kama dai

Katika masimulizi mengi ya ukombozi, bunduki hukabidhiwa mwanamke na harakati, naye huipokea kama ishara ya kuaminiwa. Mengiste anaugeuza mwelekeo huo. Bunduki ilikuwa ya Hirut tangu awali, na jeshi ndilo lililomnyang'anya. Hivyo, anapoingia vitani hatafuti kupewa hadhi mpya, bali anafuata mali yake.

Mwandishi ameeleza kuwa jambo hili lina chimbuko katika ukoo wake. Bibi yake wa vizazi vitatu nyuma, akiwa msichana, alijitolea kwenda vitani kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa katika familia na kaka zake walikuwa wadogo. Baba yake alipompa mume wake bunduki ya familia, binti huyo alimshitaki baba mbele ya wazee, akashinda, akaichukua silaha na kwenda kupigana. Tukio hilo linaonesha kuwa vita vya kwanza vya mwanamke mpiganaji vinaweza kuwa shauri la mirathi. Kwa msomaji wa jamii ambazo mwanamke hulazimika kupeleka barazani dai la shamba au mifugo ya marehemu, hili si jambo geni. Linaiondoa bunduki katika ulimwengu wa ishara na kuirudisha mahali pake pa kawaida: ni mali, na mali ina mwenyewe.

5.2 Vita ndani ya kambi

Kidane anamnyanyasa Hirut na kumbaka wakati wa vita. Riwaya haifichi tendo hilo wala haimfanyi Kidane kuwa mtu mwovu kwa kila hali. Anabaki kuwa jemadari hodari, mwenye kupendwa na askari wake, anayepigana vita vya haki dhidi ya mvamizi. Hapa ndipo ugumu wa kimaadili wa riwaya ulipo. Anayeikomboa nchi na anayemdhulumu Hirut ni mtu mmoja, na hakuna upande wa pili wa mpaka ambako Hirut anaweza kukimbilia, kwa kuwa huko wako Waitalia.

Mhimili wa kwanza wa Ufeministi wa Kiafrika unathibitika hapa kwa uwazi. Mwanamke anapigana katika medani mbili kwa wakati mmoja, na ushindi katika medani moja hauleti ushindi katika nyingine. Pia suala la tabaka halikuachwa nyuma. Aster, aliyeozwa angali msichana mdogo, anaelewa uchungu wa kulazimishwa, lakini bado ndiye anayempiga Hirut kwa mjeledi katika sehemu ya mwanzo ya riwaya. Mpishi wa nyumba hiyo, aliyeshiriki vita vyote, hatajwi kwa jina. Umoja wa wanawake hauchukuliwi kama jambo linalojitokeza lenyewe kwa kuwa wote ni wanawake. Unajengwa kwa taabu, na hauondoi tofauti ya bibi na mtumishi wake.

Hali hii inaeleza kwa nini aliyerudi ni mgumu kukumbukwa. Kumwenzi kikamilifu ni kumkubalia aseme yote, na sehemu ya anayoyasema inamhusu kamanda ambaye jina lake limekwishaandikwa miongoni mwa mashujaa.

5.3 Mlinzi wa kivuli

Katika Kiswahili, neno kivuli lina maana mbili. Ni umbo jeusi lisilo na mwili, na ni hifadhi dhidi ya jua. Katika nchi kame kama Ugogo, ambako kivuli cha mbuyu ni mahali pa baraza na pa kupumzika, maana ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Jina la Kiswahili, Mfalme Kivuli, kwa hiyo linaongeza maana ambayo jina la Kiingereza halina kwa nguvu ileile. Minim, ambaye jina lake katika Kiamhari lina maana ya kutokuwapo kitu, ni mfalme asiye mfalme. Papo hapo ni kimbilio la watu walioachwa na mfalme wao.

Hirut anapata sare na nafasi ya ulinzi kwa sababu ya udanganyifu huo. Utumishi wake wa juu kabisa vitani ni kusimama kando ya mtu ambaye si yule anayedaiwa kuwa. Mengiste ameweka hapa fumbo la kisiasa ambalo linaamua maisha ya Hirut baada ya vita. Haile Selassie aliingia tena Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu mji huo uangukie mikononi mwa Waitalia. Mfalme wa kweli akisharudi, kivuli hakihitajiki tena. Zaidi ya hayo, taifa haliwezi kumtunuku mlinzi wa kivuli bila kukiri kwamba kiti kilikuwa kitupu. Kumtaja Hirut ni kutaja kuondoka kwa mfalme. Kimya kinachomfunika, kwa mujibu wa mantiki ya riwaya, hakitokani na usahaulifu. Kinatokana na ukweli kwamba historia rasmi haiwezi kumkumbuka bila kujikosoa.

Kwa sababu hiyo, uteuzi wa mwaka 1974 una maana mahususi. Ni mwaka ambao ufalme huo uliangushwa. Hirut anangoja kituoni wakati dola iliyokuwa na mamlaka ya kuamua nani akumbukwe ikikaribia kuporomoka, na mwandishi anamleta mfalme mwenyewe katika tukio hilo. Mtawala na mlinzi wa kivuli chake wanakutana wakati ambapo hakuna kati yao anayelindwa na cheo.

5.4 Picha na umiliki wa kumbukumbu

Sanduku lililoko mapajani mwa Hirut lina picha ambazo hakuomba kupigwa. Akiwa mateka alipigwa picha akiwa amevuliwa nguo, ili kumfurahisha na kumtumikia mkoloni. Picha hizo ndizo ushahidi unaoonekana wa utumishi wake, na ndizo pia udhalilishaji wake. Hawezi kuuhifadhi ushahidi bila kuuhifadhi udhalilishaji. Tatizo hili linamkabili pia mtafiti anayetegemea nyaraka za kikoloni: mara nyingi mwanamke wa Kiafrika anaonekana katika nyaraka hizo pale tu alipokuwa ametazamwa na mtu mwenye nguvu juu yake.

Riwaya inalitatua tatizo hilo kwa maneno. Badala ya kuchapisha picha, mwandishi anazieleza, na katika kuzieleza anayataja mambo ambayo kamera isingeweza kuyanasa: aliyesimama nje ya fremu, kilichotangulia, alichokuwa anakifikiri aliyepigwa picha. Mamlaka ya kutazama yanahama kutoka kwa Ettore kwenda kwa Hirut. Vilevile, Ettore hakusawiriwa kama mtesi wa kawaida. Ni mwana wa Myahudi katika jeshi la utawala unaoanza kuwahesabu na kuwatenga Wayahudi, naye anaendelea kutii amri. Hirut anaufahamu udhaifu wake, lakini kuufahamu hakumlazimishi kumsamehe. Riwaya inauacha mlango wa msamaha bila kuufungua wala kuufunga kwa niaba ya mhusika.

5.5 Mapengo ya riwaya

Pamoja na mafanikio hayo, riwaya ina upungufu unaohusu mada yenyewe. Kati ya mwaka 1941 na 1974 kuna miaka 33, na masimulizi yanasema machache sana kuihusu. Msomaji anamwona Hirut akiingia vitani na anamwona akiwa mtu mzima kituoni, lakini hapewi picha kamili ya namna alivyoishi: alilima wapi, nani alimpokea, majirani walimwitaje, alisema nini alipoulizwa alikokuwa. Mhakiki anaweza kutetea ukimya huo kwa kusema kwamba unaiga ukimya wa historia. Utetezi huo una uzito, lakini hautoshi. Maisha ya baada ya vita yanapowakilishwa na siku moja ya kungoja, upo uwezekano wa siku hiyo kuyafanya yaonekane kana kwamba hayakuwa na kazi, mavuno wala maradhi.

Kwa kulinganisha, Muthoni Likimani katika Passbook Number F.47927 (1985), kitabu chake kuhusu wanawake na Mau Mau nchini Kenya, anakaa zaidi katika mambo ya kila siku: vibali vya kusafiri, kazi za lazima, chakula. Hana usanifu wa Mengiste, lakini anajaza sehemu ya pengo ambalo Mengiste ameliacha. Kazi hizi mbili zinafaa kusomwa kwa pamoja.

6.0 Kutoka Addis Ababa hadi Kongwa

Matokeo ya uchambuzi huu yana maana gani kwa nyanda za kati? Ni lazima tofauti itajwe kwanza. Hirut alibeba silaha dhidi ya jeshi lililovamia nchi yake. Wanawake wengi waliohusiana na kambi za Kongwa hawakubeba silaha, na vita havikupiganwa katika ardhi yao. Kuwaita askari kungekuwa kupotosha historia, na pia kungerudia kosa lililotajwa hapo juu la kudhani kuwa heshima ya mwanamke katika vita hupatikana kwa kufananishwa na mwenye bunduki.

Kinachofanana ni muundo wa kimya. Uwepo wa Hirut unamkumbusha mtawala jambo asilotaka kukumbushwa. Mwanamke wa Kongwa aliyelea mtoto wa mpigania uhuru naye anaikumbusha historia ya ukombozi kwamba kambi haikuwa uwanja wa mafunzo peke yake. Ilikuwa pia mahali ambapo watu walipenda, waliahidi, waliondoka kwa amri bila kuaga, na mara nyingine hawakurudi. Mtoto aliyebaki ana jina la ukoo ulioko Namibia au Afrika Kusini, na mama yake ndiye nyaraka pekee inayoweza kuueleza ukoo huo. Shauri lake, kama lile la bibi wa Mengiste, ni shauri la urithi.

Jambo hili lina haraka. Msichana aliyekuwa na umri wa miaka 18 mwaka 1964 alizaliwa mwaka 1946, na sasa ni bibi kizee. Majengo ya Kongwa yanaweza kukarabatiwa baadaye, na makaburi ya wapiganaji yaliyopo huko yanaweza kuwekewa uzio wakati wowote. Masimulizi ya wanawake hao hayana nafasi hiyo. Mtafiti wa fasihi simulizi anayekijua Kigogo na Kiswahili ana wajibu hapa ambao mwanahistoria wa nyaraka hawezi kuutimiza peke yake. Namna simulizi linavyopangwa, mahali msimuliaji anaponyamaza, nyimbo anazozikumbuka na maneno anayokataa kuyatumia ni data za kifasihi.

Somo la kimaadili la riwaya linapaswa kumwongoza mtafiti huyo. Ettore alirekodi bila ridhaa, na rekodi yake ikawa mzigo uliobebwa na aliyerekodiwa kwa karibu miaka 40. Kinasa sauti na kamera vya mtafiti vinaweza kufanya vivyo hivyo. Dai la Hirut ni kuwa na mamlaka juu ya sanduku lake. Kwa hiyo, suala la nani anabaki na rekodi, nani anaisikiliza na nani anaweza kuomba ifutwe lisiishie katika fomu ya ridhaa. Ni sehemu ya maana ya utafiti wenyewe.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa The Shadow King inamhamisha mwanamke mpiganaji kutoka katika orodha ya mashujaa waliotoweka na kumweka miongoni mwa watu walio hai wenye madai. Bunduki yake ni urithi alionyang'anywa. Kamanda wake ni mkombozi na mdhalimu kwa wakati mmoja. Utumishi wake hauwezi kutunukiwa bila taifa kukiri udhaifu wake. Ushahidi wake umo katika picha zilizopigwa ili kumdhalilisha. Mambo hayo manne yanaeleza kwa nini aliyekufa hupewa siku ya kumbukumbu na aliyerudi hupewa kimya.

Makala yanapendekeza mambo mawili. Kwanza, riwaya hii itafsiriwe kwa Kiswahili. Tafsiri ya Paradise ya Gurnah, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi na kuchapishwa mwaka 2022, imeonesha kwamba riwaya za Afrika Mashariki zilizoandikwa kwa Kiingereza zinaweza kuwarudia wasomaji wa Kiswahili zikiwa na uhai kamili. Pili, masimulizi ya wanawake wa Kongwa na vijiji vya jirani yakusanywe na wataalamu wa fasihi simulizi kwa ushirikiano na wanawake wenyewe na watoto wao. Riwaya ya Kiswahili kuhusu wanawake hao haiwezi kuagizwa na makala ya kitaaluma, lakini mwandishi atakayeiandika atahitaji kwanza kuwasikia wakisema.